Akiba Yetu Hukopeshwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa makanisa na vikundi vya kutetea haki)

Wachungaji na mapadre, masista, wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi, vijana, na ninyi nyote mlio katika harakati za mageuzi:

Tumeombwa tuseme nanyi juu ya mikopo. Twajua wako miongoni mwenu wanaojiuliza mambo ya benki na riba yanahusianaje na harakati zilizopigwa virungu na gesi ya kutoa machozi siku ya Saba Saba mwaka 1990. Siasa ni siasa, watasema, na pesa ni pesa. Twaomba mtuvumilie. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika katiba ya zamani, Desemba 1991, tulipata haki ya kuwa na vyama vingi. Na katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 2010 tukapata mengine mengi. Lakini liko swali ambalo halikusikika sana Ufungamano wala Bomas. Pesa ambazo wananchi huweka katika benki, katika SACCO na katika mifuko ya serikali hukopeshwa nani, kwa uamuzi wa nani, na yule anayenyimwa amlalamikie nani?

Swali hili si geni katika Maandiko. Fungueni Nehemia sura ya tano, mtawakuta watu waliokuwa wakiujenga ukuta wa Yerusalemu wakilia, wao na wake zao. Hawakuwa wakimlilia adui wa nje. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe, wakuu wa taifa. Nehemia alikasirika, lakini hakuishia katika hasira. Aliitisha mkutano mkubwa, akawashutumu wakopeshaji mbele ya watu, akawataka warudishe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, kisha akawaita makuhani wasimamie kiapo. Wengi wa wafasiri husema ile sehemu ya mia ilikuwa riba ya mwezi mmoja, yaani asilimia 1 kwa mwezi. Ishikeni hesabu hiyo, kwa maana tutaihitaji.

Sasa turudi kwetu. Mkoloni hakutaka Mwafrika akopeshwe. Ziliwekwa sheria za kupunguza kiasi cha deni ambacho mfanyabiashara angeweza kumkopesha Mwafrika na kumdai mahakamani, na ikasemwa kwamba sheria hizo zilikuwa za kutulinda. Mzungu mwenye shamba kubwa alikuwa na benki yake. Mwafrika alikuwa na mkopo wa sukari na chumvi dukani. Kisha, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mpango huo ulisema ardhi ya Waafrika ikusanywe pamoja, ipimwe, iandikishwe, na kila mwenye shamba apewe hati miliki. Naye akiwa na hati ataipeleka benki iwe dhamana, apate mkopo, apande kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Haukuficha kwamba wakulima wenye uwezo wangejiongezea ardhi na wanyonge wangeikosa. Walihesabu hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi!

Hati zilitolewa. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ikampa mwenye jina katika daftari mamlaka yote juu ya shamba. Na jina hilo lilikuwa la nani? Kwa kawaida lilikuwa la baba wa boma. Mama aliyelima shamba hilo kwa miaka 30, aliyeng'oa magugu na kuchuma kahawa, hakuandikwa popote. Katika kesi ya Obiero na Opiyo ya mwaka 1972 Mahakama Kuu ilishikilia kwamba haki za kimila hazikuwa na nguvu mbele ya jina lililo katika daftari. Basi mama huyo alikuwa na mambo mawili ya kuhofia. La kwanza, yeye mwenyewe hangeweza kukopa kwa kuwa hakuwa na dhamana. La pili ndilo lililouma zaidi: mumewe angeweza kukopa kwa siri, na siku ya kwanza ya mama kusikia habari za mkopo huo ikawa siku anapomwona dalali langoni.

Je, angalau wanaume wenye hati walikopeshwa? Wachache walikopeshwa. Benki haikutaka ekari mbili za mlimani. Gharama ya kumtuma afisa kukagua, kupata kibali cha bodi ya ardhi na kuandikisha rehani ilikuwa karibu sawa kwa shamba dogo na kwa jumba la Nairobi, na faida ikawa mbali sana. Tena benki ilifahamu ugumu wa kuliuza shamba la kijijini. Mtafiti Parker Shipton, aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Waluo, ameeleza vizuri jinsi shamba lenye makaburi ya wazee lisivyo bidhaa kama gunia la mahindi. Jirani gani atakwenda mnadani kununua makaburi ya jirani yake? Basi hati nyingi zililala sandukuni, zikiwa hazileti mkopo bali kesi za urithi.

Tuseme ukweli hapa: jambo moja limebadilika, nalo lilibadilika kwa sababu watu walipigania katiba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke wote wawili. Deni likishindikana, mkopeshaji sharti atoe ilani ya miezi mitatu ili mdaiwa apate kurekebisha, na kabla ya kuuza atoe ilani nyingine ya siku 40, na nakala yake imfikie mwenzi aliyetoa idhini. Tena auze kwa bei nzuri iwezekanavyo. Bei ikipungua kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huchukulia kwamba mkopeshaji hakutimiza wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Waambieni waumini haya wakati wa matangazo ya Jumapili. Tumewaona watu wakihama mashamba yao kwa kuogopa barua ya kwanza, ilhali barua ya kwanza haimwondoi mtu.

Tulitaja pesa za wananchi na uamuzi wa wakubwa. Hebu tuutazame mwaka 1993, kwa maana wengi wanaukumbuka kwa bei ya unga tu.

Julai 1991 serikali iliacha kupanga viwango vya riba, ikasema soko litapanga. Wakati huohuo pesa zilikuwa zikimiminwa nchini kwa njia ambazo soko halikuzijua. Kampuni ya Goldenberg ililipwa fidia ya Hazina kwa kudai kwamba ilikuwa ikiuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya ilikuwa na dhahabu kwa uchache mno na almasi haikuwa nayo. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1992; noti mpya za shilingi 500 zikamwagwa katika kampeni, na wananchi, kwa mzaha wao wa kawaida, wakaziita Jirongo. Uchaguzi ulipokwisha bei zilipanda kama moshi. Ili kuzinyonya pesa hizo zisizidi kuzunguka, Benki Kuu iliuza hati za Hazina, yaani karatasi ambazo kwazo serikali hukopa kwa siku 91, na katika mwaka huo wa 1993 riba yake ilipita asilimia 70.

Jiwekeni katika kiti cha meneja wa benki. Serikali yakulipa zaidi ya asilimia 70 nawe umeketi ofisini ukinywa chai. Kwa nini upande pikipiki kwenda kukagua maharagwe ya mama mjane? Mkopo kwa mkulima, kwa fundi na kwa mwenye duka ulikauka, na waliokuwa wamekopa tayari wakaona riba yao ikipita asilimia 30. Maduka yalifungwa, matatu na mashamba yakanadiwa. Aliyefilisika hakujua kwamba alikuwa akilipia dhahabu isiyokuwako. Aliambiwa ni soko huru.

Siri hiyo ilifichuliwa na karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyewafikishia wabunge wa upinzani karatasi hizo mwaka 1993. Alishtakiwa, akafukuzwa kazi, na akafa mwaka 2006 akiwa maskini, mwaka uleule ambao tume ya Jaji Bosire ilitoa ripoti yake. Twataja jina lake kwa sababu mageuzi ya fedha yana mashahidi wake kama yalivyo mageuzi ya kura, ingawa kwao hatujawahi kuimba ibada ya kumbukumbu. Wala si Goldenberg peke yake. Rural Urban Credit Finance ilianguka mwaka 1984, Continental Bank mwaka 1986, Trade Bank mwaka 1993, Trust Bank mwaka 1998. Mwenye akiba alirudishiwa na mfuko wa bima kiasi kisichozidi shilingi 100,000, na kikomo hicho hakikupandishwa mpaka Julai 2020, kilipofanywa shilingi 500,000.

Bunge lilijaribu kuziba pengo. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alileta mswada wa kuweka kikomo cha riba, Bunge likaupitisha mwaka 2000, mabenki yakaupinga mahakamani ukazimika. Kisha mwaka 2006 sheria ya mabenki ikaongezwa kifungu cha 44A: mkopo ukishindikana kulipwa, riba inayoongezwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni lililokuwapo wakati ule. Kabla ya hapo ilikuwa jambo la kawaida mtu kukopa laki mbili na kudaiwa milioni. Kifungu hicho kingali hai, na wengi wanaodaiwa hawajakisikia.

Kikomo cha riba chenyewe kilirudi Septemba 2016, benki zikizuiwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wengi walishangilia. Lakini meneja wa mwaka 1993 alikuwa bado ameketi katika kiti chake. Alipoona hawezi kumtoza mfanyabiashara mdogo kwa kadiri ya hofu yake, alimnyima mkopo na kuikopesha serikali, ambayo nayo ilikuwa na njaa ya kukopa. Kikomo kilifutwa Novemba 2019. Maoni yetu ni kwamba kikomo cha riba hakimsaidii mnyonge maadamu serikali inasimama mbele yake katika foleni ya mkopo, ikiwa na tumbo kubwa na mlipaji asiyefilisika, yaani sisi walipa kodi. Anayetaka mikopo nafuu kijijini hana budi kuuliza bajeti ya taifa inakopa kiasi gani hapa nyumbani, na inakopea nini. Hili ni swali la kumuuliza mbunge hadharani, wala halihitaji shahada ya uchumi.

Wakati huo mkopeshaji mpya alikuwa ameingia kwa mlango wa simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Novemba 2012 ukaja mkopo wa M-Shwari, uliokatwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akikopa shilingi 5,000 hulipa 375 juu yake. Sasa irudieni hesabu ya Nehemia: aliwafedhehesha wakuu kwa sababu ya asilimia 1 kwa mwezi. Hatusemi kwamba mkopo wa simu ni dhambi. Mtoto akiwa na homa saa nane ya usiku, mkopo huo ni rehema, na mama wa soko ambaye hakuna benki iliyowahi kumfungulia mlango alikopeshwa bila kuulizwa hati. Lakini mkopo wa siku 30 unaorudiwa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima humla mtu asilimia 90.

Nyuma ya hao wakaja wakopeshaji wa programu za simu wasiosimamiwa na yeyote. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lamkataza mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Hawa waliingia hadi chumba cha ndani. Walisoma majina yaliyo katika simu, wakampigia mama mkwe, mchungaji, mwalimu wa shule, wakatangaza deni la shilingi 2,000. Tuliwapokea ofisini mwetu watu waliokuwa tayari kujiua kwa aibu hiyo. Aprili 2020 Benki Kuu ilikataza mtu kuorodheshwa kuwa mdaiwa mbaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Sheria ya mwaka 2021 ikawataka wakopeshaji hao wachukue leseni, na kanuni za mwaka 2022 zikapiga marufuku kuwasumbua watu walio katika simu ya mdaiwa. Anayefanyiwa hivyo leo anavunjiwa haki iliyo katika sheria, naye aweza kulalamika Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Sura hiyohiyo ya 24 yakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la siku hizi ni cherehani, ni pikipiki ya bodaboda, ni jiko la mama wa mandazi. Hapa hatuwezi kuwanyoshea kidole wageni peke yao. Mashirika ya mikopo midogo, K-Rep lililoanza mwaka 1984 likiwa mojawapo, yalitufundisha kwamba kikundi chaweza kuwa dhamana badala ya hati miliki, na wanawake maelfu wamesimama kwa njia hiyo. Lakini mmoja akishindwa kulipa, wenzake ndio wadhamini. Na tumeona akina mama waliosali pamoja Jumapili wakienda Jumatatu kubeba sufuria, kuku na cherehani ya mwenzao. Vikundi vinavyokutana katika majengo ya kanisa viandike mapema katika katiba zao ni mali gani haitaguswa kamwe. Na anayefiwa au kuugua apewe muda wa kupumua.

Serikali nayo ilizindua Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu, nasi hatutaikejeli. Shida ni siku 14. Hakuna mbegu duniani inayoota, kukomaa na kuuzwa katika siku 14. Mkopo wa namna hiyo wamfaa muuzaji wa mboga anayenunua asubuhi na kuuza jioni; mkulima aliyeukopea mbolea ya mahindi atalipa kwa pesa za mahali pengine. Kwa kuwa ni pesa za umma, Bunge lidai hesabu zake kila mwaka, bila kujali chama kinachotawala.

Tumebakiza nyumba yetu wenyewe, yaani SACCO. Hapa mkutubana macho hatutashangaa, kwa maana wengi wenu mko katika kamati zake. Kwa miaka mingi vyama vya ushirika vilishikwa mkono na serikali: kamishna aliidhinisha bajeti, na mwanasiasa akachagua mwenyekiti. Sheria ya mwaka 1997 ikaviachilia huru, jambo lililostahili. Lakini uhuru huo uliwakuta wanachama wasiosoma hesabu, na viongozi wengi wakaufanya ruhusa ya kujikopesha. Ilibidi usimamizi urudishwe mwaka 2004, na SACCO zenye kupokea akiba zikapata sheria yake mwaka 2008. Hata hivyo, ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa SACCO zenyewe, uliotangazwa mwaka 2025, ulionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Pesa hizo zilikuwa za walimu, askari, wauguzi na wakulima wa chai, waliokatwa mishahara na malipo kila mwezi bila kukosa.

Watu waliosimama juani siku nzima ili wapige kura mwaka 1992 na mwaka 2002 huenda katika mkutano mkuu wa SACCO, wakala chakula cha mchana, wakapewa mwavuli, wakainua mikono. Hilo hatulielewi. Mkienda safari ijayo, ulizeni wanakamati wenyewe wamekopa kiasi gani na wamelipa kiasi gani; ulizeni ni pesa ngapi zimewekwa katika mashirika mengine, na kwa idhini ya mkutano upi; ulizeni mkaguzi wa hesabu alichaguliwa na nani. Mkijibiwa kwamba hayo ni siri ya ofisi, simameni pale pale msiketi.

Jambo la mwisho ni la wale wasio na hati wala mshahara. Tangu mwaka 2017 iko sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana: ng'ombe, mazao yaliyo shambani, mashine, hata deni ambalo mteja anakudai umlipe bado usilihesabu, bali lile ambalo wewe unamdai mteja. Mali hiyo huandikishwa katika daftari maalumu, na mwenyewe hubaki nayo akiitumia. Mama asiye na jina katika daftari la ardhi aweza kuwa na jina katika daftari la ng'ombe. Tunataka kila kikundi hapa kimpeleke mwanachama mmoja katika benki au SACCO iliyo karibu, aulize kama hukubali dhamana ya namna hiyo, na kama hukataa, sababu iandikwe. Majibu hayo tutayakusanya na kuwapelekea wabunge wa kamati ya fedha, tukitaja wilaya lakini si jina la mwombaji.

Sasa tuko tayari kwa maswali. Twaomba akina mama waanze.